Mistari miwili ya fundi wa Jabe

Fundi wa mahema wa mtaa wa Jabe tulimzika Jumatano. Wengi wenu wasomaji wa safu hii hamkumjua, na kwa sehemu hilo ni kosa langu. Nitaeleza, ingawa sina hakika kama mtu wa shule kidogo kama mimi ndiye wa kulipima jambo hili.

Alikuwa Mwislamu wa mji huu tangu babu zake, kanzu imefifia, kucha zimeganda gundi. Kibarazani kwake nyuma ya soko walifika maskauti na hema zilizopasuka, matajiri wa Kinindo na mabegi yao ya kupandia milima, na sisi wengine na makoti ya mvua ya mtumba. Siku niliyofika na langu limechanika ubavuni, mfuko mtupu, alinitazama akasema, "We mwandishi, leo mi sikutengenezee. Ikala hapa nikufunze, utaenda kufanya ku nyumba." Akanionyesha: pangusa kwa spiriti, kata kiraka kikubwa kuliko tundu, zungusha pembe zake maana pembe kali ndiyo huanza kubanduka, paka gundi nyembamba, gandamiza kwa jiwe, acha mpaka kesho. Nikamuuliza kwa nini mpaka kesho. "Gundi haijui kama we uko na haraka," akasema. Kisha akanionyesha anavyojaribu kazi yake: anamwaga kikombe cha maji juu ya kiraka, chini ametandika gazeti. Gazeti likibaki kavu, mwenye koti analichukua. "Hii gazeti yenu iko na kazi," akanichokoza. "Asubuhi naisoma, saa sita naimwangia maji."

Nikamwomba niyaandike hapa. Alikubali, akataka kitu kimoja tu. "Andika. Ila uweke na pahali niko, mutu mwenye hema yake imepasuka kabisa aje kwangu."

Makala ikazidi nafasi. Mhariri alisema nipunguze mistari miwili; hakusema ipi. Nilikata ile ya fundi, nikabakiza utani juu ya mke wangu na jiwe lake la kusagia nililogandamizia kiraka. Utani huo mliupenda, mliniandikia. Na viraka mkaanza kubandika wenyewe.

Tuambiane ukweli: sidai kwamba safu hii ndiyo iliyomfungia kibaraza. Mwaka uleule makoti mapya ya plastiki yalijaa maduka ya Asiatique kwa bei ya chini, na mwenye nyumba alipandisha kodi. Lakini mwaka haukuisha kabla hajahama. Nilikuja kumkuta Kinindo, amekuwa zamu, analinda lango la jumba la watu, mzee mzima, mvua inampiga.

"Mzee, uko hapa?"

"Niko. Watu wanajitengenezea sasa. Uliandika muzuri, ndugu yangu."

"Ile sehemu ya pahali pako..."

"Niliona haiko."

Akanishika ubavuni, akapapasa kiraka kwa kidole gumba. "Kimeshika," akasema, akaenda kufungulia gari lililokuwa linapiga honi. Mpaka leo sijui kama alinisifu au alinichoma. Sikurudi kumuuliza. Nilijiambia nina kazi nyingi, na sikuwa nazo.

Amekufa kwa kifua. Mjane wake anasema kifua kilimsumbua tangu zamani, tusiisingizie mvua. Namheshimu kwa hilo, lakini halinipunguzii kitu. Jumatano mvua ilitukuta makaburini. Waliobeba jeneza walilowa mpaka mifupani, shehe alilowa, wanawe walilowa. Koti langu halikupitisha hata tone. Nilitaka kulivua, nikaona nitakuwa najionyesha, nikabaki nalo, mkavu peke yangu.

Basi mtu akikupa ujuzi wake bure nawe ukaupeleka kwa wengine, upeleke pamoja na mlango wake. Mistari miwili inatosha. Ile niliyoikata ilisema: fundi anakaa Jabe, nyuma ya soko, kibaraza chenye mlango wa kijani. Hema iliyokushinda, mpelekee. Leo nafasi imetosha.