Walichokiona kwenye Televisheni

Mama alipoanza kutokwa na damu chooni, daktari mmoja wa Thika alikuwa amepata mashine mpya: mpira mrefu mwembamba wenye kamera, unaopitishwa nyuma na kuonyesha utumbo mkubwa kwenye televisheni. Mimi ndiye niliyemnywesha dawa ya kumharisha ili utumbo uwe mtupu, kule kwetu Kimbo, nikamsafisha. Lakini aliyeingia naye chumbani kwa daktari ni kaka yangu mkubwa, kwa kuwa nilikuwa na mimba na walihofia ningeshtuka.

Kaka alitoka akitabasamu. “Ni vidonda tu. Atapona.”

Nikamwamini. Nikawa nampikia Mama uji na viazi vya kuponda, na akikataa kula namkaripia. Yeye alimeza kijiko kimoja, akageukia ukuta.

Siku moja shangazi alikuja kumwona, akanikumbatia jikoni. “Pole, mwanangu. Kansa ni mbaya.”

Nilimwendea Mama kitandani.

“Uvimbe niliuona mwenyewe kwenye televisheni,” akasema. “Tulikuficha kwa sababu ya mtoto.”

Mtoto alizaliwa salama, na Mama akampakata kabla ya kufariki. Kaka husema hilo linatosha. Mimi nakumbuka kwamba wote walinitazama nikimgombeza mtu anayekufa, na hakuna aliyenizuia.