Somo Yake Raya

Haya ninayokueleza nimeyaona kwa macho yangu, mchana, nikiwa na akili zangu timamu. Usipoamini sitakulaumu. Mume wangu pia haamini, na ndiye aliyetupeleka kwa gari mpaka kule.

Raya ni mtoto wa marehemu dada yangu. Nimemlea mimi, hapa Ibra, Omani, tangu hajaota meno. Harusi yake ilipokaribia nikataka kumsinga nyumbani kama tulivyosingwa sisi, kwa liwa, mawaridi na asumini. Akacheka. "La, khalti. Siku hizi watu wanakwenda hotelini."

Karibu na Al Mintirib, mchanga wa jangwa unapoanzia, ipo hoteli ya kifahari yenye mambo ya Java na Bali. Bibi harusi husuguliwa manjano na unga wa mchele, kisha huogeshwa maji ya maua. Mie niliona ni singo ile ile yenye jina geni. Lakini Raya akitaka kitu, nina la kusema?

Tukaingizwa chumba chenye ua mdogo na birika la mawe. Ubani ukifuka, maji yakitiririka, upatu ukilia taratibu sijui kutoka wapi. Ilikuwa alasiri, macho yakawa mazito kwa raha. Akaingia bibi mmoja, kajifunga kitambaa cha batiki, akaanza kumsugua Raya. Niamini, hata aliponisemesha Kiswahili, kile cha mjini Unguja cha mama zetu, sikuona ajabu. Ndotoni mtu huuliza?

"Mwali huyu, somo yake nani?"

Kwetu somo ndiye anayemfunda mwali, ndiye anayemwekea siri zake mpaka kufa. Nafasi ile ilikuwa yangu. Lakini nilikuwa nimelegea, nikafanya mzaha. "Hana, bibi. Mchukue wewe."

"Nimemkubali," akasema. Akainama akamnong'oneza Raya sikioni, muda mrefu, na Raya akawa anaitikia kwa kichwa, macho kafumba. Kisha akamwogesha, akamtia maua nyweleni, akatoka kupitia uani.

Punde wakaingia wasichana wawili wa Kijava na masinia yao, wakiomba radhi kwa kuchelewa. Mmoja alipomwona Raya keshaoga, akaweka sinia chini. "Nani amemwogesha, mama?" akaniuliza kwa Kiarabu cha kubabaisha. Nikamwonyesha uani. Ua ule hauna mlango. Ni ukuta mtupu, na nyuma yake mchanga.

Raya aliolewa, yuko Nizwa, mzima, mumewe anampenda. Basi nalia nini? Nalia kwa sababu mtoto aliyekuwa akinipigia simu hata chumvi ikizidi mchuzini, sasa nikienda kwake ananiamkia shikamoo, ananipa kahawa, basi. Alasiri hujifungia bafuni, namsikia akizungumza na kucheka, na harufu ya maua hutoka chini ya mlango. Nimesoma Yasin, nimemwita na mwalimu. Raya hutusubiri kwa adabu mpaka tumalize.

Mimba yake nimeijua ilipoonekana kwa kila mtu.

"Mbona hukuniambia, mwanangu?"

"Nimemwambia somo yangu," akajibu kwa upole, kama anayemwelekeza mgeni njia.

Kwa hiyo wewe mwenye mwali, nenda hotelini ukitaka, jistareheshe. Ila ukiulizwa somo yake ni nani, taja jina lako. Litaje upesi, na usicheke.