Kitwa Tini

Mwaka 1954, nikiwa na miaka minane, babangu alifariki, na mwaka huo huo ikajulikana kwamba sijui kusoma.

Nimeyakumbuka haya majuzi, nilipokwenda bara kuitazama shule ambayo mwanangu hakutaka kumpeleka binti yake. Ni shule ya watoto wenye disleksia, yaani akili wanayo lakini maandishi hayatulii machoni mwao. "Mama, watu watasema mtoto wetu mjinga," mwanangu alisema. Nikamwambia anyamaze, nikaone mwenyewe, na nitakalosema ndilo. Mimi si mtu wa kusimuliwa.

Chuo chetu cha Kurani pale Lamu kilikuwa ukumbini kwa mwalimu wa kike. Wasichana kumi na kitu mkekani, kila mmoja anasoma lake kwa sauti, na harufu ya mikate ya mofa ya jirani inatuingia puani. Punda akilia kichochoroni tunanyamaza, kisha tunaanza upya. Katika kelele zile nani atajua kama unasoma au unaimba? Mimi niliimba. Wa kuliani kwangu akisoma mara mbili, nimeshika. Lakini nikitazama ukurasa, sioni kitu cha kushika. Be ina nukta moja chini, te ina mbili juu. Kwangu zilihamahama kama sisimizi walioona sukari. Nikajiuliza, na hadi leo najiuliza, wenzangu waliona nini?

Nilipofika mwisho wa juzuu, mama alipeleka chuoni sinia ya halua na vitumbua, kama ilivyokuwa ada, na wanawake wa mtaa wakaja kunisikiliza. Nikasoma mpaka jirani akafuta machozi. Kisha yule yule jirani akainama. "Mwalimu, mbona mtoto ameshika juzuu kitwa tini?"

Ndivyo tusemavyo Waamu: kichwa chini.

Mwalimu akaigeuza, akaweka kijiti chake juu ya be. "Hini ni nini?"

"Kidau," nikasema. "Na hilo chini yake ni jiwe la nanga."

Walicheka mpaka mmoja akaangusha halua. Mama hakucheka. Alichukua sinia yake tukaondoka, na sikurudi tena. Jina nalo likanifuata mtaani. "Kitwa Tini, waenda wapi? Angalia usiingie nyumba za watu kwa paani."

Bibi yangu alikuwa mshonaji wa kofia za mkono, zile zinazotobolewa vishimo vidogo vidogo na kuzungushiwa uzi. Akaniita nije karibu. "Ndoo, keti. Macho yako yana mchezo. Tutumie vidole." Akanishonea be kwenye kitambaa cha bafta kwa uzi mnene, nukta akaifanya kishimo kama cha kofia. "Fumba macho, usome." Nikapitisha kidole. Nukta haikuhama.

Tukaanza hivyo, nikishateka maji kisimani na kupaa samaki. Herufi mpya sipewi mpaka ya jana niishone mwenyewe. Tulikubaliana kwamba zikitimia zote nitarudi chuoni, nisome mbele ya wanawake wale wale, juzuu imesimama sawa.

Zilifika saba. Ya nane, dali, tuliifikisha nusu, bibi akaumwa, na hakuinuka. Sindano ikabaki kitambaani. Mama alihitaji mikono, nikashona kofia. Sikurudi chuoni.

Sasa, kule bara, mwalimu kijana alimpa mjukuu wangu niliyekwenda naye herufi iliyokatwa kwa karatasi ya msasa. "Fumba macho," akamwambia, "pitisha kidole."

Nikauliza: hii mmeitoa wapi? Nani aliianza? Na je, nukta huhama kwa wote, au kwa wengine mistari? Akajibu kwa adabu, akasema mambo haya yeye ameyasomea chuo kikuu. Nikamwambia bibi yangu aliyasomea kofiani. Akacheka, kisha akaona mimi sicheki.

Mjukuu wangu akanitazama. "Bibi, kwani nawe ulikuwa hivi?"

"Nilikuwa, na niko."

Tukamwandikisha siku ile ile.

Nyumba ya chuo siku hizi hulala watalii. Mofa ya jirani haipo, na kofia nyingi hutoka mashineni, vishimo vyote sawasawa, hakuna hata kimoja kilichokosewa. Wanawake walionicheka wametangulia mbele ya haki, kwa hiyo hata nikijua kusoma kesho, wa kuwasomea hawapo.

Nilicho nacho leo ni hiki. Nyumba ya mawe, ghorofa moja. Duka la kofia. Wanawake sita wanaonishonea. Punda wawili. Kisima chenye maji matamu. Herufi saba: alifu, be, te, the, jimu, he, khe. Kitambaa hakimo tena. Kiko bara kwa mjukuu wangu, pamoja na sindano yake, na juzi kwenye simu aliniambia dali ameimaliza.