Kiraka cha Saa Sita

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hunirudia kila ukungu unapopanda kutoka ziwani. Nilikuwa binti kijana, fundi wa mitandao katika hospitali moja hapa Bukavu. Kazi yangu ilikuwa kutunza ruta, kile kisanduku kinachoonyesha sauti na maandishi njia ya kupita. Kwa njia hiyo daktari wetu aliongea na wakunga wa Shabunda, ambako barabara humezwa na matope na ndege haiji kila siku. Nilipenda kuketi mbele ya taa zake za kijani. Zilipepesa kama vimulimuli, nami nikayawaza maneno yakielea juu ya msitu, yakivuka mito isiyo na madaraja.

Ruta ile ilikuwa na kasoro, si ya chuma bali ya programu iliyoiendesha. Kila kazi iliyoisha iliacha takataka kidogo katika kumbukumbu yake, hata baada ya siku chache kumbukumbu ikajaa na ruta ikaduwaa: taa zinawaka, lakini hakuna kinachopita. Niligundua kwamba ikizimwa na kuwashwa hupona. Basi nikaipa amri ijizime na kujiwasha yenyewe kila siku saa sita mchana, kengele ya kanisa inapolia, kwa kuwa saa hiyo hospitali yetu husimama kwa sala ya Malaika wa Bwana. Dakika nne tu. Nani angejua?

Mkuu wangu, Papa Bisimwa, alikuwa ametundika daftari kwa kamba kando ya ruta. Kila aliyeigusa alipaswa kuandika alichofanya. Mimi sikuandika. Nilipenda mno kusifiwa.

"Maman, ulipatia hii mashine dawa gani?" aliniuliza. "Zamani ilikuwa inagonjwaka kila juma."

"Papa, ni mikono tu."

"Aa! Kama bale baganga ba soko ya Kadutu. Chupa moja, magonjwa yote, na jina ya dawa hakuna!"

Tukacheka. Mimi nilicheka zaidi.

Lakini mficha maradhi, mwanangu, kifo humuumbua. Ruta ile haikuwa na betri ya kutunza saa. Umeme ukikatika, na kwetu hukatika, huamka ikidhani ni saa sita usiku, siku ndiyo kwanza imeanza. Kwa hiyo kila baada ya giza nilikuwa nadamka, naingia kimyakimya kabla ya wenzangu, narekebisha saa yake. Hilo nalo lilikuwa siri.

Siku hiyo nilitumwa Kavumu alfajiri kupokea antena uwanja wa ndege. Sikujua kwamba umeme ulikuwa umekatika nikiwa usingizini, ukarudi saa tisa usiku. Niliporudi alasiri, ukungu umelala juu ya mapaa kama pamba, nilimkuta daktari ameinamia kipaza sauti. Mama mmoja wa Shabunda alikuwa amejifungua, na damu haikatiki.

"Docteur, iko inaendelea tu," ilisema sauti ya mkunga.

"Weka mukono juu ya tumbo, finya, usiachilie. Kisha..."

Taa za kijani zikazimika zote. Nikatazama ukutani: saa tisa kamili. Kwa ruta, ilikuwa saa sita mchana.

Papa Bisimwa, aliyekuwa kando ya daktari, akalifungua daftari. Kurasa nyeupe. "Nani aligusa hii mashine?" Akashika nyaya aanze kuzing'oa, aweke ruta ya akiba, kazi ya saa nzima. Ulimi wangu ulikuwa mzito kama jiwe la mtoni. Nikamwona yule mama nisiyemjua, mbali, chini ya bati lenye mvua.

"Papa, usiiguse! Itaamka yenyewe. Ni miye."

Aliachia nyaya. Tukasimama kama watu walio ndani ya ndoto ya mtu mwingine. Dakika nne, mwanangu, zaweza kuwa ndefu kuliko ujana. Kisha kimulimuli kimoja. Kingine.

"Docteur? Niko. Sikuachilia mukono."

Yule mama aliishi. Ni mkono wa mkunga uliomshika, si ujanja wangu.

Jioni Papa Bisimwa aliniita. Hakupaza sauti. "Mutoto wangu, kuzunguka shimo haiko kosa. Barabara zetu zote tunazungukaka. Lakini weye uliona shimo, ukapita, haukuweka hata tawi ya kuonya bengine."

Akanipa kalamu. Niliandika kurasa mbili. Kesho yake, alipozisoma, alitafuta maelezo ya watengenezaji, tukakuta programu iliyosahihishwa ilikuwa tayari zamani, ikingoja tu mtu autaje ugonjwa kwa jina lake.

Mwanangu, utaweka viraka maishani, kwenye mashine, kwenye nyumba, kwenye moyo. Viweke, kuna siku hakuna dawa nyingine. Lakini andika ulipoviweka, mwambie atakayepita nyuma yako, na usikome kutafuta tiba yenyewe. Ukikosea, sema mapema, wakati kusema bado kunaokoa.

Mungu akupe mikono myepesi na ulimi usioogopa kusema "ni miye". Na ukungu ukishuka juu ya njia yako, ukute tawi ambalo mwenzio amekuwekea.