Ada ya Michezo

Mama Jezi alikuwa amefua jezi za timu ya chuo kwa miaka kumi na tisa, akiamini mshahara wake unatoka kwa mkuu wa chuo. Siku ya mkutano wa wanafunzi ndipo kocha alipomtoa tongotongo.

"Mama, mkuu hatoi hata sabuni. Basi la timu, mipira, mimi na wewe, sote tunakula ada ya michezo wanayolipa wanafunzi. Na leo wanapiga kura waifute."

Moyo ukampasuka paa! Alikimbia na mikono yenye povu hadi mlango wa ukumbi. Aliyekuwa akihutubia mbele ni bintiye mwenyewe, wa mwaka wa pili.

"Wachezaji ni arobaini, sisi tunaolipa ni elfu mbili! Mimi mpira siujui kama ni wa duara au wa pembe. Mtu akimbie yeye, jasho nilipie mimi?"

Ukumbi ukaangua kicheko. "Wape vidonge vyao, dada!"

Mama alisimama kizingitini akiwaza. Akisema neno, atamwaibisha mwanawe mbele ya wenzake. Akinyamaza, muhula ujao hana cha kumlipia karo. Tena mtoto hakusema uongo.

"Wanaotaka ifutwe, mikono juu!" mwenyekiti aliita.

Mikono ikajaa ukumbi. Binti, mkono wake ukiwa juu, alimwona mamaye amesimama mlangoni na povu mikononi.

"Mama! Kuna nini?"

"Hiyo ada, mwanangu," alisema kwa shida, "ndiyo mshahara wangu."

Mkono wa binti ulibaki hewani. Mwenyekiti alikuwa ameshaanza kuhesabu.