Maneno Mawili ya Mama Trei

Ukiwa mpenzi wa tamthilia, Mama Trei umeshamwona mara nyingi, ila uso wake huukumbuki. Usijilaumu, hata kamera haimkumbuki. Yeye ndiye yule wa aproni nyeupe anayeingia sebuleni kwa tajiri na trei ya chai, anaiweka mezani, kisha anarudi kinyumenyume kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa. Hapo hapo mtoto wa tajiri anatangaza kwamba anampenda binti wa dereva. Hakuna siri ya ukoo iliyowahi kufichuka kwenye tamthilia ile bila chai kuletwa kwanza. Na hakuna aliyewahi kuinywa.

Jina la Trei alipewa na mtaa. Alilipokea kwa moyo mkunjufu, maana mtaa huo ungeweza kumpa baya zaidi. Jirani yake kinyozi wanamwita Kovu, na maskini bado anatafuta wateja.

Siku ambazo hakuitwa kuigiza alishona mapazia chumbani kwake, na cherehani ilimtosha kula. Kwa hiyo usidhani alibeba trei kwa sababu ya njaa. Alitaka kusema. Alitaka aseme neno moja tu kwenye televisheni, hata "ndiyo", hata chafya, na alilitaka kwa ajili ya mama yake mzazi.

Bi mkubwa huyo macho yalishapofuka. Lakini heri kufa macho kuliko kufa moyo, na moyo wake ulikuwa mzima kuliko wa majirani wote wakichanganywa. Siku ya tamthilia, chumba cha Mama Trei hujaa watu, na bi mkubwa hukalishwa mbele kabisa, sikio limeelekezwa kwenye televisheni. Mke wa Kovu ndiye mtangazaji wake.

"Huyo, bibi! Huyo anaingia!"

"Anasema nini?"

"Hasemi kitu. Anaweka trei."

"Hasalimii?"

"Hapana. Na sasa ameshatoka."

"Ameingia sebuleni penye watu wazima, hakusalimia, akatoka? Watu watasema sikumlea!"

Ndivyo ilivyokuwa kila wiki. Watoto wengine huwasomea wazazi wao magazeti, Mama Trei alimpa mama yake aibu ya kila wiki. Alijaribu kumweleza kwamba mtumishi wa kwenye tamthilia hana ruhusa ya kufungua kinywa. Hilo bi mkubwa alilielewa vizuri, kwa kuwa yeye mwenyewe alifanya kazi za ndani tangu usichana wake, akapikia watu, akafulia watu, akalea watoto wa watu mpaka wakaoa. Alichomfundisha binti yake kutoka huko ni kimoja: ulimi hauna mfupa, basi ukiingia jikoni kwa mtu, uache mlangoni.

"Lakini salamu," alisema, "salamu nilikuwa natoa."

Sasa tuje kwa Bosi. Bosi ni yule tajiri wa tamthilia, mwenye viwanda, magari na watoto wasiosikia. Mkewe alikufa zamani kwa presha, sehemu ya pili. Nje ya tamthilia Bosi ni fundi wa feni, na amepanga chumba kinachopakana na cha Mama Trei, ukuta mmoja. Wanatumia bafu moja na kamba moja ya kuanikia nguo. Asubuhi ya kila siku ya kurekodi, utamsikia mlangoni kwa Mama Trei, taulo begani: "Dada, naomba pasi. Dada, na shati lenyewe kama utaweza." Na Mama Trei hupiga pasi shati la tajiri.

Wakifika kazini, Bosi humwita "wewe wa chai".

Ubaya ulikuwa kwenye utaratibu wa pale. Kazini kwao watu waligawanywa mafungu mawili: wenye maneno na wasio na maneno. Wenye maneno walikula mezani, ndani, kwa sahani na vitambaa vya kufutia midomo. Wasio na maneno walikula gereji, wamesimama, sahani moja watu watatu. Jumba lenyewe lilikuwa la kukodi, makochi ya kuazima, koti la Bosi la kuazima, hata picha ya babu wa Bosi ukutani ilikuwa ya babu wa watu wengine. Lakini ukubwa wa pale mezani ulikuwa wa kweli kabisa. Ukikaa kwenye kiti cha tajiri tangu asubuhi, kufikia saa sita mgongo umeshaamini.

Siku yenyewe ilianza kwa bahati. Aliyekuwa akiigiza katibu wa Bosi hakutokea, na ilibidi mtu amtoe Bosi dirishani alikosimama akihuzunika, aje kukaa. Mwongozaji, kijibwana chembamba chenye sauti kubwa kuliko kifua chake, akatazama huku na huku, macho yakamwangukia Mama Trei.

"Wewe wa trei. Leo utasema."

"Niseme nini?"

"Sema: 'Chai tayari.'"

"Bila salamu?"

"Salamu ya nini? Chai tayari, basi!"

Bosi akageuka kutoka dirishani. "Mwongozaji, samahani. Kwenye nyumba za watu wakubwa, mtumishi haongei. Inashusha hadhi."

Asubuhi ile ile mtu mkubwa huyo alikuwa amesimama nje ya bafu, ndoo mkononi, akibisha, "Dada, bado? Nimezidiwa." Mama Trei akauacha ulimi mlangoni.

"Maneno mawili hayatakuangushia nyumba," mwongozaji akasema, na mambo yakaisha.

Mchana ule Mama Trei alikula mezani. Mpakuaji alimuuliza ana maneno mangapi, akajibu mawili, akatiliwa vipande viwili vya kuku. Akavitazama kwa furaha mpaka vikapoa. Kwa moyo wake wote alitamani mama yake angekuwepo apapase kile kitambaa cha kufutia midomo.

Kisha ikaja shida. Walipokuwa wakijaribu tukio, Bosi alikunywa chai kwa mara ya kwanza tangu tamthilia ianze, maana ndivyo ilivyoandikwa: tajiri anabugia kikombe chote kwa hasira, halafu anamfukuza mwanawe. Alikibugia bila taabu. Chai ya kamerani hupikwa alfajiri, na kufikia mchana imeshapoa, imefanya ngozi juu na ina inzi mmoja.

Mama Trei aliitazama chai ile na dhamiri ikamsuta. Maneno yake ya kwanza hewani, mama yake akisikiliza, yawe uongo? Chai tayari! Tayari kwa nani? Watu walipokuwa wakigombana na taa, alichomoka na birika hadi getini, kwa mlinzi mwenye jiko la mkaa, akapika chai upya. Akaiacha ichemke mpaka ikapanda na kushuka, kama mtu anayetarajia wageni wa heshima.

"Kimya! Tunarekodi!"

Akaingia. "Chai tayari," akasema, na sauti ikatoka safi, haikukwama popote. Bosi hakumtazama. Alikaa, akakamata kikombe, akabugia.

Kelele aliyopiga haikuwa ya tajiri. Ilikuwa ya fundi wa feni aliyeshika waya wenye umeme.

"Mama yangu weee! Dada, naungua! Maji, dada, maji!"

Chai ikaruka, ikatua kwenye koti. Na Mama Trei, aliyemsikia mtu huyu akipiga kelele hizo hizo ukutani kwake kila asubuhi ya uji, akasahau kamera, akasahau taa, akasahau aproni.

"Si nakwambia kila siku upulize? Kila siku! Mtu mzima unabugia chai kama unazima moto! Kaa chini. Nimesema kaa! Toa ulimi niuone. Utoe wote! Na hilo koti nani atalisafisha, mimi tena? Nakubebea, nakufulia, nakupigia pasi, ukinikuta mbele za watu unanipita kama mlango. Hata asante huna?"

Bosi, mwenye viwanda na magari, alikuwa amekaa wima, ulimi nje, machozi yakimlengalenga.

"Athante, dada," akasema.

Mshika kamera alicheka mpaka picha ikayumba. Mwongozaji alitaka warudie, lakini koti lilikuwa la kuazima na limeshapata ramani ya chai kifuani, na jingine la kimo kile halikuwepo. Akakuna kichwa, akasema, "Itaenda hivyo hivyo. Mtumishi wa siku nyingi, amemlea tangu mdogo. Watu wataamini."

Wengine walimpongeza Mama Trei. Yeye alirudi nyumbani na hofu. Alishamwahidi mama yake, "Wiki hii utanisikia," na bi mkubwa alikuwa ameshatangazia mtaa mzima. Sasa mama huyo aliyetumikia watu maisha yake yote, mwenye kufundisha kwamba ulimi huachwa mlangoni, angemsikia binti yake wa kumzaa akimfokea mwenye nyumba ndani ya nyumba yake. Afadhali ile aibu ya kutosalimia.

Siku ikafika, chumba kikajaa. Bosi naye alikuja, kwa sababu hana televisheni, akakaa chini karibu na mlango. Mke wa Kovu aliambiwa leo afunge mdomo, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yake akaufunga.

"Chai tayari," televisheni ikasema.

Bi mkubwa akainua mkono juu. "Huyo ni mwanangu!"

Watu wakapiga vigelegele. Halafu ikafuata ile kelele, halafu yale mengine yote, na chumba kizima kikaanguka kwa kicheko. Kovu alicheka akamlalia Bosi, na Bosi mwenyewe, kwa haya, akacheka pia. Aliyekuwa hacheki ni bi mkubwa. Alikaa uso ameuelekeza kwenye sauti, mpaka tangazo la sabuni likaingia.

"Aliyeambiwa akae," akauliza, "ni nani?"

"Ni bosi, bibi," mke wa Kovu akajibu.

"Mwenye nyumba?"

"Mwenye nyumba mwenyewe."

"Na akakaa?"

"Akakaa, bibi. Na ulimi akautoa."

Kicheko kikakatika. Mama Trei akapiga magoti mbele ya mama yake. "Mama, nisamehe. Nilijisahau. Sikukusudia kukuaibisha."

Bi mkubwa akapapasa hewani mpaka akaupata mkono wa binti yake. Akaushika kwa nguvu ambazo mikono ile haikuwa nazo siku nyingi, akamvuta karibu, akamwinamia sikioni. Lakini alizoea kuzungumza na televisheni, kwa hiyo chumba kizima kilisikia.

"Wiki ijayo mwambie na mke wake. Kule nilikotumika, mume hakuwa na neno. Mke ndiye aliyekuwa akiniita kwa kupiga makofi, miaka yote ile, jina langu hakutaka hata kulijua."

Hakuna aliyethubutu kumkumbusha kwamba mke wa Bosi alishakufa sehemu ya pili. Bosi mwenyewe aliinamisha kichwa.

"Nitamwambia, mama," Mama Trei akasema. "Nitamwambia yote."