Gari la Cikuru Linalokula Mawese

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi. Mwanga wa kwanza hauonekani Rumonge bali ng'ambo ya ziwa, kwenye vilele vya milima ya Kongo. Huku bado kuna kiza cha kijivu. Cikuru Bahizire ameinamia injini ya gari lake, kiganja kimelala juu ya chuma, macho ameyafumba. Ukimkuta hivyo utadhani anaomba, na mwenyewe hakatai kwamba anaomba kidogo.

Leo ni safari yake ya kwanza na gari hili. Kwenye njia ya kutokea mjini, malori na magari ya abiria yanajipanga kungoja wanajeshi wa kuyasindikiza hadi Bujumbura, kilometa sabini na kitu. Ni mwaka 1998, vita vina umri wa mtoto wa kwenda shule, na barabara ya kando ya ziwa haipitwi na mtu peke yake. Msafara ukishaondoka haumsubiri yeyote. Gari likizima njiani, waliomo hubaki na bahati yao.

Cikuru hahitaji kuhadithiwa. Julai iliyopita alikuwa akiendesha gari la tajiri mmoja wa hapa. Mazutu, yaani dizeli, imekuwa adimu tangu nchi jirani zituwekee vikwazo, na ile ya magendo inapanda bei kila kukicha, lakini mafuta ya mawese Rumonge yamejaa tele. Madereva walikuwa wakichanganya kidogo kidogo. Yeye akajifanya hodari kuwashinda wote: akamimina nusu kwa nusu, mawese mabichi yaliyotoka kinuni jana yake. Akasahau kwamba asubuhi za kiangazi zina baridi. Kwenye mlima wa Minago mafuta yakaganda ndani ya bomba, injini ikanyamaza, na lori la mwisho la msafara likapiga honi na kupotea kwenye kona.

"Nilikuwa na bamama sita mu gari," anasema. "Nikahesabu watoto wao. Nikafika ishirini na tatu."

Aliyewanusuru ni mmoja wa hao sita, Mariyamu, mchuuzi wa ndagala, dagaa wa ziwani. Alishuka na chupa yake ya chai ya moto, akaimwaga yote juu ya chujio la mafuta hadi mawese yakayeyuka. Walifika Bujumbura salama, wa mwisho. Jioni ileile tajiri akachukua ufunguo wake, na Cikuru anakiri kwamba hata yeye angeuchukua.

Tangu hapo ni miezi mitatu ya kukaa nyumbani Kizuka na kuota magari. Mkewe Elda anasema alikuwa akiendesha hata usingizini, mguu ukikanyaga godoro. Ndiye Elda aliyekata shauri wauze nusu ya michikichi yao. Walipata faranga milioni moja na laki mbili, na hapakuwa na nusu nyingine ya kuuza: iliyobaki ilikuwa ya kuzaa mawese ya kulisha gari na watoto wanne. Angenunua mara moja tu, na akikosea basi.

Kwa mtu anayekwenda na kurudi siku sita kwa wiki, karibu kilometa mia tisa, gari la bei hiyo halichaguliwi kwa uso. Cikuru alilala siku tatu Buyenzi, mtaa wa mafundi kule Bujumbura, na kila siku alibisha hodi kwa wauzaji kabla ya jua, ili aguse injini kabla hawajaipasha moto kumficha maradhi yake.

Gari la kwanza lilikuwa jeupe, viti bado vina nailoni. Saa yake ya kilometa ilidai limetembea kidogo tu, lakini mpira wa pedali ulikuwa umelika hadi chuma. Cikuru aliaga kwa adabu. La pili lilikuwa dogo, halina tamaa ya mafuta, na anakubali kwamba moyo ulimdunda. Ila lilitumia esansi, yaani petroli, na esansi haichanganyiki na mawese hata ukiibembeleza.

La tatu lilikuwa Mercedes kuukuu ya mazutu, mlango mmoja wa rangi nyingine, saa imekufa kwenye laki nne na kumi na mbili elfu. Fundi Abdul, mwenye gari, hakuficha kitu.

"Iko muzee, lakini pampu yake iko na nguvu," alimwambia. "Weka mawese yako tuone. Ikizima, urudi kwako na pesa yako."

Waliliwasha kwa mazutu, likapata joto, kisha wakalibadilishia mawese yaliyochemshwa na kuchujwa kwa kitambaa. Likanguruma pale uani tangu alasiri hadi magharibi. Majirani walikuja kuuliza nani anakaanga nini. Cikuru alikaa juu ya ndoo akalitazama saa tatu nzima, na anasema hajawahi kuwa na raha kama ile tangu vita vianze. Cikuru alipolipa, Abdul alimfungia tangi la pili karibu na injini, lenye bomba la maji ya moto ndani yake, na kilango cha kuhama kutoka mafuta haya kwenda yale.

Sasa, hapa Rumonge, wanajeshi wamefika. Mariyamu amesimama na vikapu vyake, hajapanda.

"Papa Providence," anamwita Cikuru kwa jina la binti yake mkubwa, "leo itatufikisha?"

"Itafika, Mama Kaoutar."

Mariyamu anapanda kiti cha mbele, na wenzake wanne wanamfuata.

Saa tatu kasorobo wako Bujumbura, katikati ya msafara, nyuma yao harufu ya kikaango. Mlima wa Minago waliupanda kwa mawese matupu. Cikuru anarudi kwenye mazutu kusafisha mabomba, kisha anazima na kushuka kuwafungulia abiria milango.

Siku njema itambakizia faranga elfu tatu. Ndoto ya nyumba ya matofali anayo. Lakini akiulizwa anachokitaka hasa, anatazama barabara aliyotoka.

"Vita ikiisha, nitasimama katikati ya njia, pale maji iko karibu. Nitazima gari miye mwenyewe. Watu wakiniuliza, imekufa? Nitawaambia hapana, tunapumzika."